Mwaka na miezi mitatu wanamtibu mdogo wangu ngozi, kumbe ni jino! Hakuna aliyemwambia afungue mdomo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu hapa Mbeya. Mwezi wa pili mwaka jana alitoka kipele kidevuni, upande wa chini. Tukajua chunusi. Kikapasuka, kikatoa usaha, kikakauka. Wiki tatu baadaye kikarudi palepale.

Tumezunguka jamani. Zahanati wakasema jipu, vidonge siku 7. Kikakauka, kikarudi. Hospitali wakasema jipu sugu, sindano siku 5 na wakapasua. Kikarudi. Mwingine akahisi TB, mtoto akapimwa makohozi na hata kukohoa hakohoi. Mwingine akapasua tena, safari hii akakata na nyama ya pembeni. Magunia manne ya viazi yameishia huko. Shangazi yetu wa Tukuyu akasema ametupiwa kitu, na kwa hali ile hata kumbishia nilishindwa. Binti akawa anaenda shule kajifunga mtandio mpaka kidevuni. Mwezi wa sita Uyole ni baridi, nani atauliza? Mwezi wa kumi na moja jua linawaka na bado kajifunga.

Kilichotuokoa ni gego langu mimi. Nimeenda kung'oa, nikamchukua anisindikize. Daktari wa meno akamtazama yeye kwanza. Akamuuliza, "Uliwahi kuanguka, mama?" Ndiyo, akiwa na miaka tisa alianguka na baiskeli akapiga kidevu. Akamfungua mdomo: jino moja la mbele chini limepiga rangi ya kijivu. Akagusisha pamba ya baridi. Meno ya jirani yakashtuka, lile kimya. Limekufa miaka yote hiyo na halijawahi kumuuma!

Akaingiza kijiti chembamba laini, kama uzi wa mpira, kwenye tundu la kidevu, akapiga eksirei. Picha nimeiona kwa macho yangu. Mstari mweupe umetoka kwenye ngozi ukaenda moja kwa moja mpaka ncha ya mzizi wa lile jino, na kando ya mzizi kuna kivuli cheusi, mfupa umeliwa.

Akatueleza. Jino likifa, usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi, unatoboa mfupa wa taya na kutafuta pa kutokea. Mara nyingi hutokea kwenye fizi, ila ukipita chini ya pale misuli ilipojishika, unatokea usoni. Meno ya chini ndiyo yanayoongoza, ndiyo maana vidonda hivi hukaa kidevuni au kwenye taya. Maumivu mtu hayasikii kwa sababu usaha una njia ya kutoka. Antibayotiki inakausha kwa muda tu, maana ndani ya jino lililokufa damu haifiki, dawa itafikaje? Na kukata ngozi ni bure kabisa kama jino bado lipo vilevile.

Tiba ilikuwa kusafisha mzizi na kuuziba, tukarudi mara mbili. Ingeshindikana, jino lingeng'olewa. Kidevuni hakuguswa, hakupewa hata kidonge. Siku ya kumi tundu likafunga lenyewe.

Limebaki shimo dogo, hilo daktari anasema linaweza kurekebishwa. Lakini pembeni yake kuna kovu refu la kisu cha pili, na hilo halikuwa na sababu yoyote ya kuwepo kwenye uso wa binti wa miaka 16.

Sasa nyie mnaofanya kazi kwenye hizo hospitali, nijibuni. Pale alipopasuliwa, chumba cha meno kipo korido hiyohiyo, mlango wa nne. Tumepita mbele yake kila tulipoitwa kusafisha kidonda. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyetuambia tuingie?