Najenga GCC 13 kwenye laptopu ya RAM gigabaiti 4, inakufa katikati kila mara

binti_wete

Assalamu alaykum wadau.

Niko Wete, Pemba. Jioni nasomesha vijana sita C++ (lugha ya kuandikia programu) barazani kwetu kwa laptopu moja ya zamani: prosesa ya nyuzi nne, RAM gigabaiti 4, mfumo wa Debian 10. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) iliyokuja nayo ni GCC 8.3. Zoezi letu ni daftari la karafuu: jina la mchumaji, pishi alizochuma, malipo yake. Nilitaka safu zikae sawasawa kwa `std::format`, chombo cha C++ cha kupanga maandishi, kompaila ikajibu haina faili la `format`. Kumbe limeanza kupatikana GCC 13. Kupandisha mfumo mzima kutamaliza bando langu la mwezi, lakini msimbo chanzo wa 13.2 ni megabaiti themanini na kitu tu, nikaushusha.

Nimefanya hivi:

`tar xf gcc-13.2.0.tar.xz`
`cd gcc-13.2.0 && ./contrib/download_prerequisites`
`mkdir ../jenga && cd ../jenga`
`../gcc-13.2.0/configure --prefix=$HOME/gcc13 --enable-languages=c,c++ --disable-multilib`
`make -j4`

Nimeiweka laptopu juu ya matofali mawili ipate hewa chini, maana feni inanguruma hadi mama anauliza kuna nini. Inakwenda saa nyingi, halafu ikifika `gimple-match.cc` mshale wa kipanya unaganda, hata saa ya kwenye kioo haisogei. Ikizindukana nakuta neno `Killed` na jina `cc1plus`. Nimerudia mara tatu, kila mara nafuta folda na kuanza upya. Mara ya tatu hata huko haikufika, umeme ulikatika na betri yangu haivuki nusu saa.

Je, mashine hii haiwezi kabisa? Umeme ukikatika lazima nianze mwanzo? Na kwa nini inajijenga mara mbili mbili? Naona majina stage1, stage2.

kijana_mwanakwerekwe

Dada, ongeza `--disable-bootstrap` kwenye configure, itajenga mara moja tu. Utaokoa saa nyingi.

fundi_chake

Wa alaykum salaam. Mashine yako inaweza, dada, usiikatie tamaa.

Kosa ni hiyo `-j4`. Umeamrisha kazi nne zende pamoja, na `gimple-match.cc` si faili lililoandikwa kwa mkono, linazalishwa na programu na ni kubwa mno. Peke yake linaweza kula zaidi ya gigabaiti nzima ya RAM. Likikutana na wenzake wakubwa, RAM inakwisha, keneli (kiini cha mfumo) inachagua mlaji mkubwa na kumuua. Ndiyo hiyo `Killed`. Walioiandika GCC waliliona tatizo, kwenye 14 wakaligawa faili hilo vipande. Wewe uko 13, kwa hiyo tenga swapu, yaani nafasi ya diski ya kuisaidia RAM:

`sudo fallocate -l 4G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile && sudo swapon /swapfile`

Funga kivinjari na kila kitu, kisha `make -j2`. Ikiganda tena, `make -j1`.

Umeme ukikatika, usifute folda! `make` inatazama kilichokwisha na kuendelea pale pale. Ila faili lililokuwa likiandikwa wakati ule huweza kubaki tupu, na `make` italidhania zima. Kwanza safisha: `find . -name '*.o' -size 0 -delete`.

Kuhusu stage: tangu 4.8 ya mwaka 2013 GCC yenyewe inajengwa kwa C++, kwa hiyo huwezi kuipata bila kuwa na kompaila nyengine kwanza. Ni kama fundi anayeazima shoka la jirani kuchongea mpini wa shoka lake. GCC 8.3 yako inajenga stage1. Hiyo stage1 inajenga stage2, stage2 inajenga stage3, halafu mbili za mwisho zinalinganishwa. Zikitofautiana, kuna kasoro na ujenzi unasimama.

Kijana wa Mwanakwerekwe hajakosea, muda utapungua. Lakini faili lile zito litabaki na uzito wake, kwa hiyo bila ya swapu ujenzi ungekufa pale pale. Na kwa kompaila ya kusomeshea watoto wa watu mimi singeuruka ule ulinganisho. Mwanafunzi anapokosea lazima ajue kosa ni lake, si la chombo.

binti_wete

Nimekubali, nimebakisha hatua zote tatu. Nimeanza Alkhamis baada ya Isha kwa `-j2`. Usiku umeme ukakatika tena, nikasafisha na ile `find`, ikaendelea kweli! Nilikuwa karibu nalia kwa furaha. Imekwisha Ijumaa jioni, ulinganisho umepita, `make install` imepita.

Sasa programu inajengeka lakini ikiendeshwa inasema `GLIBCXX_3.4.32` haikuonekana.

fundi_chake

Hiyo nyepesi. Umejenga kwa maktaba mpya, lakini wakati wa kuendesha mfumo unachukua libstdc++ (maktaba ya C++) ya zamani ya Debian, ambayo inaishia 3.4.25. Iambie programu maktaba yake iko wapi:

`$HOME/gcc13/bin/g++ -std=c++20 daftari.cpp -o daftari -Wl,-rpath,$HOME/gcc13/lib64`

Usije ukainakili ile mpya juu ya ile ya mfumo. Iache kila moja kwake.

binti_wete

Imekubali. Mdogo kabisa katika wale sita ndiye aliyebonyeza, majina yakashuka upande mmoja na pishi zikapangana upande wa pili, hakuna safu hata moja iliyokwenda kombo. Swapu nimeibakisha. Kesho namwandikia kila mmoja ile amri ya rpath kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari lake.