Naomba ushauri: mota ya fezi tatu kwenye umeme wa fezi moja

Habari zenu mafundi. Niko Busia, upande wa Uganda. Nimepata mashine ya kusaga mahindi yenye mota ya fezi tatu, kilowati 2.2, lakini laini yetu ni fezi moja tu, volti 240. Kibao cha mota kinasoma 230/400 V, pembetatu na nyota, yaani koili zake zikiunganishwa kwa mtindo wa pembetatu inatumia volti 230, na kwa mtindo wa nyota volti 400.

Fundi mmoja anataka kuifunga pembetatu na kuweka kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ili kuigiza fezi inayokosekana. Naelewa njia hiyo hupunguza nguvu hadi kama theluthi mbili, na kinu chenyewe ni kizito kuanza. Nahofia koili zisije zikaungua. Mwingine anasema niweke inveta inayopokea fezi moja na kutoa tatu. Hiyo naiona bora, kwa sababu inawasha mota polepole, ila bei yake inauma.

Aliyeitumia kwenye kinu anisaidie: nichukue ya kilowati 2.2 au kubwa zaidi, maana inaingiza fezi moja? Na vumbi la unga mnalizuiaje? Hapa linatanda mpaka swichi za ukutani zinakuwa nyeupe, sasa feni ya inveta itapona kweli? Majirani wanasubiri kusagiwa, sitaki kubahatisha.