Mjadala: Kitabu cha picha kikishasomwa, watoto wapewe gundi na mkasi?

Mtoa hoja
Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32 na maneno machache. Kukisoma ni dakika 8 hivi. Baada ya hapo watoto wanatumia dakika 30 kumpaka rangi na kumbandika mnyama aliyemo hadithini. Nasema kazi hizo nyingi si za kitabu. Kipimo ni hiki: mtoto ambaye hakuwepo wakati wa kusoma akiweza kuifanya kazi na akaipata yote, hadithi haikuhitajika.

Mkufunzi wa elimu ya awali
Kipimo nakikubali, hukumu siikubali. Mkono wa mtoto wa miaka minne unauhitaji mkasi. Tatizo ni kwamba kazi ya mikono inaishia kwenye gundi. Tengenezeni vikaragosi vya vijiti: mwalimu akate maumbo mapema, kila mtoto apake rangi mhusika mmoja tu, watoto wanne waungane wapate hadithi nzima. Kupaka rangi dakika 10, kuigiza dakika 15. Ukimwambia kila mtoto atengeneze wahusika wote, kengele inalia gundi bado mbichi na hakuna aliyefungua kinywa.

Mkutubi
Mimi naona kosa linaanzia kwenye usomaji wenyewe. Kusimama kila ukurasa kuuliza "huyu ni nani, ana rangi gani?" kunaikatakata hadithi. Mara ya kwanza onyesha jalada, kisha soma mpaka mwisho bila swali. Kesho yake rudia, usimame mara tatu tu, mahali ulipokwisha kupaweka alama ya kikaratasi. Pachague pale picha inaposema jambo ambalo maneno hayasemi: maandishi yanasema mtoto amelala, mchoro unaonyesha jicho moja liko wazi. Hapo ndipo penye swali.

Mtoa hoja
Bila swali hata moja, Mkutubi? Mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake mwaka 1988 walionyesha kuwa maswali ya wazi, yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana tu, wakati wa kusoma yanakuza lugha ya mtoto.

Mkutubi
Ndiyo, lakini pale alikuwa mzazi na mtoto wake mdogo, wawili tu. Darasani anajibu mmoja, waliobaki wanasubiri, na wa nyuma wanaanza kusukumana. Ukisimama, sema "mwambie jirani yako", uwape nusu dakika, ndipo usikilize wawili watatu. Na usikimbilie kujibu mwenyewe. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliona walimu wakingoja kama sekunde 1 tu baada ya swali. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka.

Mwalimu wa darasa kubwa
Haya yote yanategemea watoto kuiona picha. Wakae nusu duara, wafupi mbele. Kitabu kikae ubavuni kwako, usawa wa macho yao, ukifunua kwa kona ya chini ili mkono usifunike mchoro. Zungusha polepole kabla ya kusoma maneno. Maneno mawili matatu magumu yafundishwe kabla, maana mtoto akipotea ukurasa wa tatu harudi tena.

Kazi ninayoitetea ni kadi za mfuatano. Picha sita za hadithi zilizochanganywa, kundi la watoto watano wazipange upya. Zikizidi hapo, wadogo wanachanganyikiwa na mmoja anazipanga peke yake. Futeni namba za kurasa, la sivyo wanapanga namba. Wakishazipanga, ondoa kadi moja waseme ni tukio gani limekosekana. Hapo hata kipimo cha mtoa hoja kinapita, kwa sababu aliyekosa hadithi hawezi kuisema kadi isiyokuwepo.

Mtoa hoja
Kadi nazikubali, na vikaragosi pia, mradi dakika za kuigiza zipangwe kwanza na za kupaka rangi zichukue zitakazobaki. Karatasi ya kupaka rangi peke yake bado naipinga.

Mkufunzi wa elimu ya awali
Basi ipewe kipindi chake cha sanaa, isiandikwe kwenye andalio la somo la lugha.