"Bosi, hapa mchanga mtupu, futi mbili zinatosha": sasa nyumba yangu inapasuka

Wakuu, nina hasira, nikikosa adabu mnisamehe.

Nimejenga vyumba vitatu hapa Mtwara, njia ya Mikindani, kwa hela ya korosho ya misimu miwili. Siku ya kuchimba msingi nilimuuliza fundi tuchimbe kina gani. Akajibu huku anavuta kamba: "Bosi, hapa mchanga mtupu, futi mbili zinatosha. Miaka yote tunafanya hivyo." Hakuchomeka hata chuma kuona ardhi inasemaje. Aliyenigongea muhuri kwenye ramani ndo kabisa, kiwanja hakijui.

Mvua za Januari zimenionyesha. Ufa unaanzia kona ya dirisha la chumba cha nyuma, unapanda ngazi ngazi kwenye viungo vya tofali hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Sarafu ya mia mbili inazama yote. Mlango nimeupiga randa mara mbili, bado unagoma. Tukafukua pembeni ya ukuta: chini ya zege kuna mifuko ya nailoni, vifuu vya nazi na jivu. Lilikuwa shimo la taka, likafukiwa! Kona moja imekalia uchafu, tatu zimekalia ardhi ya kweli. Isipasuke kwa nini?

Na hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Ukuta wa tofali za inchi sita, bati na msingi wake ni kama tani 2 kwa kila mita ya urefu. Upana wa msingi ukiwa sentimita 45, mita moja ya mraba ya ardhi inabeba tani 4 na nusu hivi. Mchanga ulioshikamana unabeba tani 10 kwa mita hiyohiyo bila wasiwasi. Kifusi kisichoshindiliwa? Hapo hata injinia hakupi namba, anakwambia chimba upite. Halafu maji yakipanda hadi usawa wa msingi, hata mchanga mzuri nguvu yake inaweza kushuka karibu nusu.

Fundi eti "tungeongeza nondo". Nondo za nini wakati kinachodidimia kiko chini ya zege? Vijana wawili, shimo la mita mbili kila kona, siku chache tu, ningeyaona yale majivu kabla sijanunua mfuko wa kwanza wa sementi.

Kuna aliyewahi kuchimba vipande vipande chini ya msingi na kumimina zege hadi ardhi ngumu? Alitumia shilingi ngapi? Fundi hapokei simu. Jana nimemwona kwa jirani anayejenga ghorofa, anavuta kamba ileile, futi mbili zilezile.