Naomba ushauri: nataka tuanzishe mbio za skii za kupanda mlima hapa Colorado

Wakuu habari zenu, hasa mnaoishi huku Marekani na Ulaya kwenye baridi. Huu mchezo wa kupanda mlima na skii mguuni (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) halafu unashuka nazo mbio umenishika kweli, na tangu uingie Olimpiki 2026 kule Bormio, Italia, watu wanauliza uliza ila kwenye mazoezi bado ni wale wale tu.

Kwa asiyeujua, unabandika ngozi, yaani vitambaa vya kunata, chini ya skii zisirudi nyuma, unapanda, pengine unazifunga mgongoni unakwea kwa miguu, ukifika juu unabandua ngozi chap, unafunga kisigino kwenye skii, unashuka, na hapo kwenye kubandua ndo watu wanaachwa.

Sasa vifaa bei iko juu, na mbio kama Grand Traverse, Crested Butte mpaka Aspen, mnaanza saa sita usiku wawili wawili, hiyo inamtisha mgeni kabisa. Mi nafikiria mbio fupi za jioni ndani ya eneo la skii lenyewe, mbali na maporomoko ya theluji, vifaa vya kuazimana, watoto nao wawe na mzunguko wao.

Mliowahi kuandaa mashindano, hata ya baiskeli au riadha: bima mlikata vipi? Wenye eneo mliwaendea na nini mkononi? Kiingilio mlipanga kabla ya kupata mdhamini au baada? Halafu kuna kina dada kadhaa wanatamani ila wanaogopa kuwa wa mwisho, hao nawavutaje jamani?