Ushauri jamani: mchumba wa mdogo wangu ni Mmarekani, nitajuaje kama ana kesi kwao?

Mtoto wa Ngamiani:
Habari zenu wakuu. Nina mdogo wangu wa kike anafanya kazi hotelini kule Pangani, kapata mchumba Mmarekani, mtu mzima kidogo, keshakuja mpaka nyumbani kala wali wa nazi na bimkubwa na barua ya posa ishafika kwa mjomba, sasa anasema anataka kumfungulia visa ya uchumba. Sina ubaya naye ila kwetu mtu akija kuposa tunaulizia, anatumwa mtu mpaka kwao akaongee na majirani. Huyu nimtume nani Orlando? Nimegugo jina lake ikaja saiti moja inazungusha kaduara weee mwisho inasema "tumepata rekodi 4 za kukamatwa", kuziona mpaka uweke kadi ya benki. Nilipe? Zamani alikaa Georgia pia.

Kinyozi Barabara ya 12:
Hahaha mshenga wa siku hizi gugo. Mkuu usiweke kadi hapo, watakukata kila mwezi.

Mdigo wa Atlanta:
Usilipe. Hizo saiti hata ukiandika jina la babu yako wa Maramba zitakwambia zimepata rekodi 4. Ni hivi, huku hakuna daftari moja la nchi nzima ambalo raia anafungua tu akasoma. Lile la FBI ni la polisi na mahakama, wewe huliingii. Yaliyo wazi ni vipande vipande, kila kaunti (kama wilaya hivi) na mahakama yake na jela yake, mara nyingi chini ya sherifu, yule mkuu wa polisi wa kaunti. Orlando ipo Orange County, jimbo la Florida, ingia saiti ya karani wa mahakama wa hiyo kaunti sachi jina, bure. Ukitaka Florida nzima kuna idara ya jimbo inaitwa FDLE wanauza historia dola 24 kila jina, ila ya Georgia hutaiona humo, na Georgia ina kaunti 159 kwa hiyo lazima ujue alikaa ipi. Makosa ya kingono anzia nsopw.gov, bure, inasachi majimbo yote kwa mpigo. Waliofungwa magereza ya serikali kuu kuanzia 1982 wapo kwenye saiti ya magereza hayo, bure pia.

Binti Makorora:
Kaka angu kukamatwa sio kufungwa. Hapa hapa mtu analala polisi Chumbageni Ijumaa, Jumatatu katoka na kesi hakuna. Huko picha ya kukamatwa inabaki mtandaoni hata kama kesi ilifutwa, kwa hiyo usikimbilie picha, soma kesi iliishaje.

Mdigo wa Atlanta:
Dada kasema kweli. Na Florida kuna ile jaji anampa mtu adhabu ya kuangaliwa akiwa nje lakini anazuia kumtia hatiani, ukisoma haraka utasema huyu alitiwa hatiani kumbe sivyo. Halafu kuna kesi zinafichwa kwa amri ya mahakama, hizo huzioni kabisa, so ukikosa kitu usije ukaapa kwamba hana.

Mtoto wa Ngamiani:
Dah nimeingia hiyo ya Orange. Kuna mtu jina lile lile, kuendesha gari amelewa. Bimkubwa sijamwambia. Ndio yeye au? Nilitaka mdogo wangu achungulie kitabu cha wageni hotelini tarehe ya kuzaliwa.

Binti Makorora:
Weee asithubutu, atafukuzwa kazi. Taarifa za mgeni sio za kuchungulia, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Mjomba si ndiye kapokea posa? Aombe jina kamili lile la kati likiwemo, na tarehe ya kuzaliwa. Mtu anayeoa haombwi hivyo akanuna.

Mzee wa Raskazone:
Wanangu, kuna njia nyepesi. Mwambie achukue mwenyewe rekodi yake FBI, dola 18 na alama za vidole, wanampa mhusika tu. Asione anadhalilishwa, maana kwenye hiyo visa hata binti yetu atadaiwa cheti cha polisi. Tena ile fomu ya kumwombea, I-129F, inambana huyo mwanaume ataje kama alishatiwa hatiani kwa kupiga mke, ubakaji, kuumiza watoto na mengine mazito, hata ulevi kama ni mara tatu au zaidi. Sheria yao ya 2005 inataka ubalozi umpe mchumba taarifa hizo kabla visa haijatoka. Binti siku ya usaili asiitikie tu, aulize.

Kinyozi Barabara ya 12:
Mzee umeua.

Mtoto wa Ngamiani:
Mrejesho: mjomba kamwandikia, mzungu katuma tarehe ya kuzaliwa hapo hapo wala hakununa. Mlevi wa Orange ni mtu mwingine, wamepishana miaka kibao. Nsopw hayupo. Ya FBI kasema ataomba. Georgia ndio bado, Mdigo naomba unicheki inbox nikupe jina la kaunti, kaandika kwa mkono siuelewi mwandiko.