MJADALA: Matamshi ya chuki mtandaoni, ashtakiwe aliyeandika au kampuni iliyoyasambaza?

Wadau, uchaguzi wa Kenya ukikaribia huwa tunagawanyika pande mbili. Kuna wanaotaka serikali ifunge Facebook na TikTok mpaka matokeo yatangazwe, na kuna wanaosema kila mtu aachwe aandike atakacho, asiyependa apite. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo, na kwa kuwa 2027 haiko mbali, naomba tulizungumze sasa kabla joto halijapanda.

Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Yalikuwamo "madoadoa", "mende", "wakuja" na hata "watajua hawajui". Woga wa tume naulewa vizuri. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na "madoadoa", yaani watu wa makabila mengine wanaoonekana wageni mahali, ni neno ambalo wakazi wa Bonde la Ufa wanajua limewahi kuwaandama akina nani. "Mende" nalo lina historia nzito zaidi: redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi hivyo wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ikawatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo. Kwa hiyo anayeniambia maneno ni maneno tu, hayaui, hatuelewani kabisa.

Lakini orodha hainasi chuki. "Watajua hawajui" ni kauli ya mashabiki wa mpira kila wikendi. Sasa chukua mtu aandike hivi kwenye kundi la mtaa: "Jumapili tunapalilia. Wapangaji wa pale nyuma ya kituo cha mafuta wanajijua." Hakuna tusi hapo, hakuna kabila lililotajwa, na kompyuta itaupitisha ujumbe huo bila wasiwasi. Mama anayeishi nyuma ya kile kituo atafunga virago usiku uleule. Wa kuelewa ujumbe kama huo ni mtu anayejua lugha, anajua mtaa, na anajua wiki hiyo kumetokea nini.

Na watu hao kampuni ya mtandao inawathamini vipi? Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, shirika la Global Witness liliijaribu Facebook kwa kuwasilisha matangazo ya kulipia yenye uchochezi, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kiingereza. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa kukiuka kanuni za sarufi na lugha chafu; yalipofanyiwa marekebisho madogo, yakakubaliwa nayo. Shirika halikuyachapisha, lilikuwa jaribio tu. Hapo hatuzungumzii kijana aliyeandika kwa hasira saa saba usiku. Ni tangazo, kampuni inalipwa ili liwafikie watu.

NCIC ikatoa siku 7 Facebook ijirekebishe, la sivyo isimamishwe. Mawaziri wakasema haifungwi, na kwa hilo nawaunga mkono. Ukifunga mtandao unamzima pia anayekanusha uvumi, na uvumi wenyewe unahamia WhatsApp kusikoonekana. Ila baada ya tishio kuondolewa, hakuna kilichochukua nafasi yake, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sheria yetu ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13 kuhusu matamshi ya chuki, inatoza faini hadi shilingi milioni moja au kifungo hadi miaka mitatu. Tuangalie inamfikia nani. Januari 2015 mwanafunzi wa chuo kikuu alihukumiwa kifungo kwa aliyoyaandika Facebook kumhusu rais. Januari 2022 Mithika Linturi, akiwa seneta, alitamka "madoadoa" jukwaani Eldoret. Alikamatwa, na kufikia Oktoba mwaka huohuo alikuwa waziri wa kilimo. Ndiyo maana nasita ninaposikia watu wakitaka adhabu kali zaidi kwa wanaoandika. Tunajua zitamwangukia nani.

Mimi nasema mzigo uhamie kwa anayesambaza kwa faida. Profesa Meareg Amare wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, aliuawa Novemba 2021 nje ya nyumba yake, baada ya Facebook kubeba picha yake na maneno ya kuwachochea watu dhidi yake. Mwanawe, Abrham, anasema aliripoti na hakusikilizwa kwa wakati. Kesi aliifungua Nairobi, kwa sababu maudhui ya Ethiopia yalikuwa yakikaguliwa papa hapa, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ilisema ina uwezo wa kuisikiliza. Wakaguzi wenyewe, waliokuwa wakitazama maiti na vichapo kutwa kwa ujira mdogo kupitia kampuni ya Sama, iliyopewa kazi hiyo na wamiliki wa Facebook, nao wako mahakamani wakidai haki yao.

Pendekezo langu: kampuni ilazimishwe kisheria kutaja hadharani ina wakaguzi wangapi kwa Kiswahili, Kikuyu, Kalenjin, Dholuo na Kisomali, iwaajiri yenyewe, na itozwe faini kwa kila tangazo la chuki ililopokea pesa. Faini ihesabiwe kwa mapato yake, kwa sababu milioni moja ya shilingi kwao si kitu.

Najua swali litakalonirudia: ukiitishia kampuni faini kubwa, si itafuta kila kitu chenye utata, ukiwemo ukosoaji wa serikali? Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu nimeanza na matangazo ya kulipia. Kwa maandishi ya kawaida bado sina mpaka unaoniridhisha. Nani ana pendekezo la mpaka huo, lakini lisiloanza na "serikali iamue"?